Nilimchoma Mama Mkwe Sindano Kupitia Pazia

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nne, muuguzi katika zahanati moja huku Kilwa. Nina mke na watoto wawili... au niseme nilikuwa nao, maana sasa hivi nyumba hii ninamoandikia ni kimya tupu. Msinihurumie haraka. Someni kwanza.

Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka kuogopwa. Mama wa mke wangu ni mjane, anaishi Kikole, analima korosho na muhogo. Tangu nimuoe binti yake sikuwahi kumtazama usoni. Tukikutana njiani, nampisha. Akiwa na neno kwangu humwambia mke wangu, Mwanahawa, naye ndiye hunifikishia. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi nilijisifu kwa adabu hiyo.

Mwaka jana mama alijikata mguu kwa jembe. Akanunua vidonge vya maumivu dukani, akameza, akarudi shambani. Maumivu yalitulia, lakini vijidudu havikutulia! Alipoletwa nyumbani kwetu, Kilwa Kivinje, mguu ulikuwa umevimba na unatoa usaha. Zahanati hataki. Mwanahawa akaniambia mama anaona haya kufunuliwa mbele ya watu wanaofanya kazi na mkwe wake.

Basi nikajitia kujua. Nikachukua kristapeni kazini, ile penisilini ya sindano, bila kuandika popote, nikasema nitamtibu nyumbani.

Sasa nitamchoma wapi? Takoni? Mkwe wangu? Thubutu! Nikachagua mshipa wa mkononi, ingawa nilijua fika kwamba dawa ikipita mshipani hufika mwili mzima mara moja. Mwanahawa akatupangia: mama akae chumbani, atoe mkono pembeni ya pazia, mimi nichome nikiwa ukumbini.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Mwanahawa alikuwa ametoka kununua mkaa. Sikumngoja... nilikuwa na zamu. Mkono ukatoka penye pazia, nami nikautafuta mshipa.

Swali la kwanza tunalofundishwa ni hili: umewahi kudhurika na dawa yoyote? Ningemuulizaje, na wa kumfikishia hayupo? Nikajiambia, mtu mzima huyu, kama kuna tatizo ningeshaambiwa. Nikachoma.

Nikasikia kikohozi. Kisha akagonga ukuta, mara mbili, mara tatu. Nikadhani ananihimiza nimalize! Ndipo nikaona mapele yakiinuka kwenye ngozi ya mkono, yakipanda kuelekea kiwiko huku nikitazama. Nyuma ya pazia pumzi ilikuwa inapiga mluzi.

Nikalivuta pazia. Midomo ilikuwa imevimba, macho yamefumba, anashika koo. Mwili wake ulikuwa umeiona dawa yangu kama adui na unapigana nayo, na katika vita hivyo ulikuwa unamuua mwenyewe.

Adrenalini ndiyo dawa ya kumwokoa, na adrenalini ilikuwa kabatini zahanati. Nilimbeba, mimi niliyekuwa nampisha njiani, nikasimamisha bajaji huku nikimwita Mungu kwa sauti. Mwenzangu wa zamu akamchoma adrenalini pajani na kumtundikia dripu. Baada ya muda, ambao kwangu haukuwa na mwisho, pumzi ikafunguka.

Mwenzangu akaniuliza, "Amekula nini? Amepewa dawa gani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikaiona kazi yangu ikiondoka, nikamwona mke wangu akiondoka. Nikasema, "Pweza. Amekula pweza."

Kweli alikuwa amekula. Jirani yetu Bi Somoe, mama mwenye huruma zake, alimletea bakuli la pweza wa nazi mchana ule.

Mama alipopata nguvu alimwambia Mwanahawa kwamba mambo yalimwanza baada ya sindano. Akaongeza kwamba zamani vidonge vya rangi mbili vilishamtoa mapele. Nilijua ni amoksilini, ukoo mmoja na penisilini! Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba sindano haina neno, ni pweza. Nani angebishana na muuguzi?

Bi Somoe akaponzwa na wema wake. Maneno yakaenea kwamba chakula chake kina kitu. Kwenye shughuli hawakumwita tena jikoni, na mke wangu akaacha kumwitikia salamu. Mimi? Nililetewa jogoo kutoka Kikole, kwa kumwokoa mama. Nikamla.

Mwaka huu nilikuwa semina Lindi. Asubuhi moja ukaingia ujumbe wa Mwanahawa: mguu wa mama umevimba tena, tupo kituo cha afya, daktari ameandika sindano, usiwe na wasiwasi.

Nilipiga simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena... tena... Nilitoka ukumbini nikikimbia, sijui nakimbilia wapi, Lindi na Kilwa wapi na wapi! Mara ya sita akapokea.

"Wasimchome!" nilipiga kelele. "Mwanahawa, wazuie! Haikuwa pweza! Ilikuwa sindano yangu!"

Nikamsikia akimlilia nesi, "Dada, ngoja! Ngoja!"

Nesi alikuwa ameshaivuta dawa kwenye bomba la sindano. Na aliuliza, wasomaji, aliuliza kama inavyotakiwa! Mama akaanza kutaja yale mapele, Mwanahawa akamkatiza: "Hapana, dada, dawa hazimdhuru. Mkwe wake ni muuguzi, alisema ni pweza tu." Uongo wangu ulikuwa umeshaandikwa kwenye daftari la mgonjwa.

Akapewa dawa ya aina nyingine, akapona. Nimejisalimisha kazini na nimesimamishwa, nangoja uamuzi. Kwa Bi Somoe nilikwenda kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niondoke mlangoni pake.

Ndugu zangu, dawa yoyote iliyowahi kukutoa mapele, itaje kwa kila atakayekushikia sindano, awe mkwe, awe nani. Nawe mwenzangu wa taaluma, mgonjwa asiyeweza kuulizwa usimchome. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama kazi itakwenda.

Mwanahawa, siku anaondoka na watoto kwenda Kikole, hakunitukana. Aliniuliza tu: "Yaani mama angekufa mikononi mwangu, na mimi ningeendelea kukushukuru?"

Nawaombeni, msije mkafika mahali pa kuulizwa hivyo.