Jina Safi la Bibi

Friji la kimchi, lile la mfuniko wa juu la kuwekea kabichi iliyochachushwa, lilikuwa bado linanukia upya siku Boram alipokuta ndani yake tonge la wali lililotafunwa. Lilikuwa limewekwa juu ya kabichi yenye pilipili, dogo, la mviringo, limelowa mate. Alilifuta kwa karatasi huku amegeuza uso. Alipoinua karatasi, ute ulivutika nayo kama gundi.

"Dani, umechezea chakula?" alimuuliza binti yake.

Dani, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusema, alitikisa kichwa. Na kweli, mkono wake haukufika kwenye mfuniko ule.

Jioni mumewe, Gyutae, alicheka. "Mimba hiyo, Mama Dani. Inakufanya uone kinyaa kila kitu. Juzi ulikimbia harufu ya sabuni."

Boram alimpakulia chakula. Hakutaka kuonekana mtu asiyeshukuru. Mwaka mzima walikuwa wamenyimwa mkopo kila mahali. Gyutae alimdhamini kaka yake afungue duka la kuku wa kukaanga. Duka likafa, kaka akazima simu, deni likamrudia mdhamini. Tangu hapo, popote alipotaja jina lake, mtu wa mezani alitazama kompyuta, akatabasamu kwa adabu, akasema haiwezekani. Hata mashine ya kufulia walinyimwa. Tumbo la Boram lilikuwa linakua, ila chumba chao cha kupanga hakikuwa kinakua.

Halafu, majani yalipoanza kugeuka rangi, yote yakawezekana kwa mara moja. Nyumba yenye vyumba vitatu ghorofani, gari, friji. Gyutae alisema jina lake limesafishwa. Boram alilia kwa furaha, asiulize limesafishwaje.

Baada ya lile tonge ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu mzee kisichosukutuliwa, imechanganyika na udongo mbichi. Aliikuta kwenye kiti cha nyuma cha gari. Aliikuta kwenye mito. Alisugua sakafu kwa siki mpaka vidole vikamwasha, na harufu ikakaa palepale, nzito, ya uvuguvugu, kama kwamba kuna mtu anampumulia shingoni.

Alasiri moja alikuwa akiosha vyombo aliposikia mtu anatafuna. Hayakuwa meno, ilikuwa sauti ya ufizi, chapu, chapu, taratibu, ya mtu asiye na haraka. Aligeuka. Dani alikuwa ameketi mbele ya friji lililo wazi, mashavu yamevimba, akiangalia juu na kutabasamu kama mtoto anavyomtabasamia anayemlisha.

"Dani! Tema!"

"Bibi kanipa," mtoto alisema, na uji wa kahawia ukamtiririka kidevuni.

Boram alipiga magoti, akamtia kidole kinywani, akavuta, na kilichotoka kilikuwa wali uliochacha na samaki aliyetafunwa mpaka amekuwa kama kamasi, na ndani yake punje za udongo, na katikati ya udongo unywele mweupe ambao ulizidi kuja kadiri alivyouvuta, mrefu, wa baridi, ukitelezea ulimini mwa mwanawe, huku mtoto akicheka na friji nyuma yake likiendelea kutafuna. Alimkumbatia Dani, akatapika palepale sakafuni.

Gyutae aliporudi alimkuta ameketi nje ya mlango, na mtoto mapajani.

"Baba Dani," alimnong'oneza, "bibi yako alikuwa anawalishaje watoto?"

Gyutae alichuchumaa kando yao. Ndiye aliyekuwa akijigamba kila sikukuu kwamba bibi yake alimlea kwa kumtafunia chakula. Bibi huyo alifariki mwisho wa kiangazi. Boram hakwenda mazikoni, kwa kuwa mwenye mimba hapelekwi msibani.

"Jina lake lilikuwa safi," Gyutae alisema akiangalia viatu vyake. "Maisha yake yote hakuwahi kukopa hata sindano. Nilipotaja jina lake, walinikaribisha chai."

"Umekopa kwa jina la maiti?"

"Sikuandikisha kifo. Tulimzika mimi na kaka, aliyejitokeza siku ile tu, kimyakimya, kwenye kilima cha ukoo."

"Na meza ya kumwekea chakula cha wafu?"

"Ningeiandaaje, majirani wajue? Kwenye karatasi yu hai. Nimefanya kwa ajili yenu!"

"Usiseme kwa ajili yetu," Boram alisema. Kile kinyaa alichokiona kwa lile tonge sasa kilihamia kwenye uso wa mumewe, na hakikuondoka.

Kesho yake alimwita mganga, mama mmoja mnene aitwaye Okhwa, ambaye alipanda ghorofani akihema na kulaani lifti mbovu. Mlangoni alisimama, akajiziba pua kwa mkono wa nguo.

"Mnaishi humu nyie? Mnakula humu?"

"Tufanyeje, mama?" Boram aliuliza.

"Mtu akifa huambiwa. Mnapanda juu ya paa, mnapunga nguo yake, mnamwita kwa jina, mnamwekea chakula chake, anajua safari imeanza. Wa kwenu mmemwambia nini? Mmemwambia anunue gari!" Alimgeukia Gyutae. "Benki inasema yu hai, serikali inasema yu hai, na wewe kila siku unatumia jina lake. Basi kaja kukaa na vitu vyake. Anawasaidia kulea, maskini."

"Anataka nini?" Boram alinong'ona, mkono tumboni.

"Hataki chochote, vyote ni vyake. Wewe mlinde huyo aliye tumboni. Kitakacholipiwa kwa jina lake atakishika kama chake." Akamwelekezea Gyutae kidole. "Leo hii nenda ukaandikishe kifo. Rudisha vyote."

"Tukirudisha tutalala wapi, mama? Na wakinifunga?"

"Basi lala na bibi yako."

Okhwa aliandaa wali na samaki mkavu, akapiga ngoma, akatoka kibarazani na kupunga blauzi ya marehemu akimwita jina, na kila alipoita friji lilijibu kwa kishindo, mfuniko ukiinuka na kushuka kama taya, ute wa kahawia ukifurika pembeni na kutambaa sakafuni kuelekea miguu ya Boram, mpaka mganga akapiga magoti na sauti isiyo na meno ikatoka kinywani mwake.

"Nimekufa lini?" iliuliza. "Mbona hamkuniambia?"

Gyutae alilia kama mtoto. Ngoma ilipokoma, kutafuna kukakoma. Harufu ikatoka nje kupitia mlangoni.

Alasiri hiyo Gyutae alivaa suti, akaondoka, akarudi. "Nimeshaandikisha," alisema. Gari likachukuliwa, friji likabebwa, wakarudi kwenye chumba chao cha zamani. Boram aliosha masufuria yake mwenyewe, akalala usingizi mzito.

Alijifungua mtoto wa kiume theluji ikidondoka. Kliniki ilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia, chumba chake peke yake, supu ya mwani ya moto kila mlo. Gyutae alimwambia amepata kibarua. Muuguzi alimleta mtoto asubuhi, amefungwa kitambaa vizuri.

Boram alimweka titini. Mtoto aligeuza kichwa. Alijaribu tena, mtoto alifumba midomo, ameshiba.

"Usijali, mama," muuguzi alisema kwa uchangamfu. "Ameshakula huyo. Kwa kawaida haturuhusu wageni kule kwa vichanga, lakini bibi yenu ndiye aliyelipia chumba, jina lake tunalo. Tungemzuiaje? Mzee wa watu, kaja na kibakuli chake."

Boram alimtazama mumewe. Gyutae alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake.

Polepole, kwa kidole, Boram alifungua kinywa cha mwanawe.