Filomena na Banda la Nguruwe

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Filomena alikuwa tayari bandani. Shule yao huko Mgeta ilifuga nguruwe watatu katika kazi za kujitegemea, na darasa la sita ndilo lililowatunza. Wenzake walilima pia matuta ya kabichi mlimani. Filomena hakulima. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, na mashamba ya Mgeta yameinama mno. Ukianguka huko juu, unaokotwa bondeni. Mganga wa zahanati alikuwa amemkataza kwenda mtoni na kukaa peke yake karibu na moto. Kila jioni alimeza kidonge chake, na hata hivyo mara mojamoja alianguka.

Basi Mwalimu Patrick, mwalimu mkuu, akampa banda. Filomena alifagia, akagawa pumba na majani ya viazi, na wanafunzi wa zamu wakaleta maji kutoka mtoni. Jike mkubwa alimwita Bibi Shamba, kwa sababu alipenda kukagua kila kitu kwa pua. Msidhani lilikuwa jambo dogo, jamani. Darasani hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja, na uwanjani hakuna aliyemrushia mpira. Bandani tu ndiko alikokuwa mtu wa maana.

Jumatatu moja alianguka humo bandani. Alikakamaa, akatetemeka, na povu likamtoka mdomoni hadi kwenye ndoo ya maji iliyokuwa karibu.

"Msimguse!" alipiga kelele Alois, kiongozi wa zamu. "Povu likikupata, umekwisha!"

Loo, walivyotimka! Aliyekuja kumgeuza ubavu na kumfuta uso alikuwa Mama Mwajuma, mpishi wa shule. Filomena akapelekwa kwao apumzike.

Aliporudi baada ya siku chache, alimkuta Bibi Shamba akizungukazunguka kama asiyeona. Mara amegandamiza kichwa ukutani, mara amekaa kitako kama mbwa. Ndani ya hori mlikuwa na maji machafu kidogo, kwa hiyo Filomena alidhani wanyama wamenyweshwa.

"Bibi Shamba, we! Una nini? Ni mimi."

Nguruwe akarusha kichwa nyuma, akaanguka ubavu. Miguu ikapiga hewa, povu likamtoka. Filomena hakuwahi kujiona akianguka, lakini alikuwa amesimuliwa mara nyingi. Alijua anatazama nini.

Kabla ya mchana nguruwe mmoja mdogo alikuwa amekufa. Habari ikaenea kijijini kote kwamba kifafa cha Filomena kimeingia kwa nguruwe. Wazazi wakaja juu.

"Leo nguruwe, kesho watoto wetu!" walisema. "Mtoto huyo atolewe shule."

Mwalimu Patrick alijaribu kuwatuliza, akashindwa. "Filomena, mwanangu," alisema bila kumtazama usoni, "kaa nyumbani kwanza. Nimemwita Bwana Mifugo. Akisema ni kweli, sitakuwa na la kufanya."

Jioni ile mama yake, Yustina, alimletea kidonge na kikombe cha maji.

"Sitaki, mama."

"Meza, mwanangu."

"Vinanisaidia nini? Nameza, naanguka. Sasa nimeua na wanyama wa watu."

"Nani kakwambia umeua?"

"Nimeona mwenyewe! Ameanguka kama mimi. Kama mimi kabisa!"

Yustina aliweka kikombe sakafuni. Kwa kweli naye moyoni alikuwa anaogopa, kwa kuwa alikuwa na watoto wengine wadogo mle ndani. Akakaa chini kando ya binti yake. "Basi meza kwa ajili yangu," alisema. Filomena akameza huku analia. Hakutarajia kurudi shule tena, na hakuona kama kuna kitu kingine duniani kilichobaki chake.

Kesho yake Bwana Stephano, bwana mifugo, aliteremka kwenye lori la mboga na kupanda njia ya shule. Nguruwe mdogo wa pili alikuwa amekufa asubuhi hiyo. Bibi Shamba alikuwa amelala chini, anahema tu. Wazazi walisimama mbali na ua. Yustina alikuja na Filomena, maana alitaka kusikia kwa masikio yake mwenyewe.

Bwana Stephano aliingia bandani, akamfungua nguruwe mdomo na kumpapasa ufizi. Akachovya kidole horini, akakigusisha ulimini, akatema mate.

"Chumvi tupu! Nani kaweka haya?"

"Ni mimi, Bwana," alijibu Mama Mwajuma kwa mshangao. "Ni maji niliyolowekea papa wa chumvi. Niliona yana ladha ya samaki, yasipotee bure."

"Wangekuwa na maji safi ya kutosha, pengine wasingedhurika hivi. Maji safi yako wapi? Zamu ilikuwa ya nani?"

Watoto waliokuwa mlangoni wakasukumana. Mwishowe Alois akasogea mbele.

"Yangu, Bwana."

"Mlileta maji?" aliuliza Mwalimu Patrick.

"Hapana. Ndoo ya banda ni moja tu, na ilikuwa na povu la Filomena. Tuliogopa kuishika. Tangu alipoanguka hatujateka."

Bwana Stephano alivuta pumzi. "Nguruwe akila chumvi nyingi na akakosa maji, ubongo wake unavimba. Anatetemeka na kuanguka. Ukimtazama utasema kifafa, kumbe sicho. Na kifafa cha mtu hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa ndoo. Leteni maji upesi! Apewe kidogo kidogo, akinywa yote kwa mpigo atakufa."

Alois akaikamata ndoo ile ile, akashuka mtoni mbio. Aliporudi, Filomena alichota kwa kikombe na kumnywesha Bibi Shamba funda moja moja. Hakufurahi kwamba hana hatia. Alilia kuliko jana.

"Walikuwa na kiu," alimwambia mama yake. "Mimi nasimama pale nawaita majina, wao wana kiu."

Kufikia jioni Bibi Shamba alikuwa amesimama, miguu ikimtetemeka. Mwalimu Patrick aliwageukia wazazi na wanafunzi.

"Filomena atarudi shule kesho, na banda ni lake," alisema. "Ugonjwa wake hatuwezi kumwondolea. Ataishi nao na dawa zake, pengine maisha yake yote. Lakini nguruwe hawa hawakuuawa na ugonjwa wake. Wamekufa kwa kiu, na mto uko hapo chini, kwa sababu watu wenye afya zao waliogopa ndoo. Nami nimo, maana niliwasikiliza. Ugonjwa usioujua, muulize anayeujua. Usimkimbie mgonjwa."

Watu walitawanyika, na Alois akabaki kuchimba shimo la kuwazikia wale wadogo. Filomena alikuja kumsaidia kuvuta udongo. Walifanya kazi bila kusemezana, mpaka Alois alipoweka jembe chini.

"Filomena, ukianguka tena, nifanye nini?"

"Nigeuze ubavu," alisema Filomena. "Halafu usiondoke."