Mkungu wa Kwanza

Haya yalimpata Dativa, jirani yangu wa hapa Nshamba. Asiyeamini na aende akauone mlango wa mama mkwe wake, halafu arudi anibishie.

Kwa kina Kashaija, mumewe Dativa, walikuwa ndugu sita wa kiume na kibanja cha baba kilikuwa kimoja. Kilipogawanywa, kipande chake kilikuwa cha kuotesha mchicha. Akasikia kwamba kaskazini, kwenye bonde la mto Ngono, kuna kijiji kinagawa ardhi kwa yeyote atakayethubutu kuilima. Siku ya kuondoka, mama yake, Ma Klaudia, alimshika Dativa mkono.

"Mwanangu, huyu ni kifungua mimba wangu. Nimekukabidhi."

Dativa akacheka, akaahidi. Mgongoni alikuwa amembeba Joviana, binti yao wa pekee, wa miaka mitatu.

Bondeni hapakuwa na watu. Palikuwa na mafunjo, ukungu usioondoka mpaka saa nne asubuhi, na mtandao wa simu mpaka upande kilima. Jirani wa karibu alikuwa mwendo wa saa nzima. Wakajenga nyumba ya udongo, wakatandika nyasi sakafuni kama kwao, wakaanza kufyeka.

Shida ilikuwa miche ya migomba. Siku ya tatu Kashaija akakuta mahame ng'ambo ya kijito. Nyumba ilishaanguka zamani, imebaki kichuguu cha udongo, lakini migomba yake ilikuwa imenona ajabu, na chini hapakuwa na jani kavu hata moja. Kashaija akachimba miche thelathini.

"Umeomba kwa nani?" Dativa akamuuliza. Kwetu, ukipewa mche wa mgomba, mkungu wake wa kwanza unaurudisha kwa aliyekupa. Hata mtoto anajua.

"Nimwombe nani, nyani?" Kashaija akajibu. "Mkungu wa kwanza tutakula wenyewe, tumeshateseka vya kutosha."

Dativa angeweza kubisha. Alikuwa amechoka, akanyamaza. Mpaka leo anajilaumu kwa kunyamaza kule.

Migomba ikashika. Mwaka wa pili mmoja ukatangulia kuzaa, na Kashaija akachora herufi J kwa kisu kwenye ndizi kubwa ya chane ya juu, zawadi ya Joviana. Ndizi ikakua na kovu lake. Siku ya kuukata mkungu walipika na maharage, wakala mpaka wakalegea. Joviana alipewa ile yenye jina lake. Maganda wakayatupa shambani.

Kesho yake mchana walirudi kutoka kupalilia. Ndani, sakafu nzima ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi, zimelazwa upande mmoja vizuri, kama watu wanavyotandika nyumba inayosubiri waombolezaji. Kashaija akasema labda ni jirani kawafanyia wema. Jirani gani? Nyasi zilikuwa zimelowa, na ilikuwa kiangazi.

"Bibi ndiye ametandika," Joviana akasema.

"Bibi gani, mama?" Dativa akamuuliza.

"Wa ng'ambo. Anauliza cha kwanza chake kiko wapi."

Jua lilikuwa la utosi. Dativa akatazama shambani kupitia mlangoni. Katikati ya migomba alisimama mwanamke mzee amejifunga lubugo, lile gome la mti walilozikwa nalo watu wa kale. Aliwapa mgongo. Migomba yote ilikuwa inatikisika kwa upepo. Lubugo lake halikutikisika.

"Kashaija," akanong'ona. "Unaona?"

"Naona. Usiseme."

Alipopepesa macho, hapakuwa na mtu.

Wakakata mkungu wa pili, mkubwa kuliko ule. Wakaupeleka mahame, wakapiga magoti, wakaomba radhi. Asubuhi waliukuta mlangoni kwao. Umeoza wote, kwa usiku mmoja.

"Hataki cha pili," Joviana akasema, akiuruka kwenda kucheza. "Anataka wa kwanza."

Mawe, mama yangu! Dativa hakuhitaji kufafanuliwa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa yule pale, anarukaruka uani. Akambeba vile vile bila viatu.

"Twende wote," akamsihi mumewe.

"Niache jasho la miaka miwili? Mpeleke mtoto. Nikivuna maharage nakuja."

Dativa alitembea mpaka barabarani bila kugeuka nyuma, akapata bodaboda, kisha basi. Alifika Nshamba jioni, amemkumbatia Joviana mpaka mikono imekufa ganzi. Alikuwa na furaha, Mungu amsamehe. Alijua amemwokoa.

Ma Klaudia alisikiliza yote, kisha akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Alisema anamtaka mtoto wako wa kwanza?"

"Alisema wa kwanza."

"Aliyechimba miche ni nani?"

"Kashaija."

"Na Kashaija kwangu ni wa ngapi?"

Dativa alimtua Joviana, akatafuta simu.

Walipiga simu. Haikupatikana. Alfajiri wakaondoka na mashemeji wawili. Waliikuta nyumba wazi. Nyasi mbichi sakafuni. Mabuti ya Kashaija yamepangwa pamoja, yameelekezwa kijitoni. Panga ukutani. Chai kikombeni, bado ya moto.

Wakaita. Wakafuata njia ya kijitoni.

Walimtafuta wiki mbili, wanakijiji na polisi, mtoni na kwenye mafunjo. Hata unyayo hawakuuona. Mahame waliyakuta safi, yamefagiliwa, na migomba imesimama.

Walirudi Nshamba kuomboleza bila maiti. Asubuhi ya kwanza, Ma Klaudia alipofungua mlango, alikuta mkungu wa ndizi mbichi umeegemezwa nje. Dativa akaja. Akauinamia, akapitisha kidole kwenye chane ya juu. Kovu la J lilikuwa pale pale, kwenye ndizi ambayo mwanawe alishaila.

"Bibi amesema deni limekwisha," Joviana akasema nyuma yao.

Hakuna aliyethubutu kuugusa. Mwaka wa tatu huu, uko hapo mlangoni, na bado haujaiva.