Namba za Asubuhi

Kila asubuhi kabla ya shule, Yanely Rosario aliketi jikoni na mama yake, Altagracia, wakapima sukari. Mama alijichoma ncha ya kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo, naye Yanely akasoma namba na kuiandika daftarini. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Kisukari alikuwa nacho tangu zamani, na muuguzi alishawaambia kwamba asubuhi, kabla ya kula, namba isizidi tisini na tano.

"Haya mwalimu, nimepata ngapi leo?" Mama aliuliza huku akitafuta viatu vya kazini. Alikuwa msusi katika saluni moja ya mtaani kwao, Bronx, na miguu ilikuwa imeanza kumvimba.

Jumatatu moja kipimo kilionyesha mia moja thelathini na moja. Yanely aliduwaa. Jana yake, kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, kama wafanyavyo Walatino wa kwao, alikuwa amepika maharage ya sukari, maziwa na nazi kwa mara ya kwanza maishani, akambembeleza Mama mpaka akamaliza bakuli zima. Tena juma lililopita, namba ilipofika mia na kumi, Mama alijifungia bafuni akalia.

"Tisini na moja," alisema Yanely.

"Kumbe! Na maharage yako nimeyala." Mama akambusu utosini, akatoka akiimba.

Jumanne ilikuwa mia ishirini na nane. Yanely aliandika themanini na tisa. Jumatano na Alhamisi alifanya vivyo hivyo. Lakini Mama akawa hashibi maji, na jioni alirudi kutoka saluni akiwa hoi, akalala na viatu miguuni. Yanely alimvua viatu, akamfunika.

Ijumaa walikwenda kliniki. Muuguzi wao, Bi Odessa Pettway, alikuwa Mmarekani mweusi wa makamo, mpole lakini asiyependa mzaha kazini. Alilipitia daftari.

"Altagracia, mbona vizuri hivi? Basi dozi ya sindano za insulini tunaiacha vilevile."

Yanely alimtazama Mama akitabasamu, mikono juu ya tumbo.

"Bi Odessa, usiiache," alisema. "Hizo namba si za kweli. Nimezipunguza mimi."

Mama aligeuka polepole. "Umefanya nini?"

"Uliyala maharage kwa sababu yangu, Mama. Sikutaka ulie tena."

Bi Odessa alikichukua kipimo kutoka mkobani mwa Mama, akabonyeza kitufe, na namba zote za juma lile zikajitokeza moja baada ya nyingine. Mama alifunika uso.

"Nimemtia mtoto wangu woga mpaka ananidanganya," alisema. "Namba ikipanda naona kama nimefeli. Najihisi mama mbaya."

Bi Odessa alivuta kiti, akakaa karibu nao. "Nami nina kisukari, mdogo wangu. Mimba yangu ya kwanza nilificha namba. Nilichoka kusikia kwamba sisi wanawake weusi, na ninyi Walatino, hatujui kula. Mwanangu alizaliwa sukari imemshuka, akakaa wodini siku tisa. Hakuna anayefeli hapa. Mimba ikikua, insulini ya jana haitoshi leo. Na wewe Yanely, bakuli moja halipandishi sukari siku nne mfululizo. Ila sindano naipanga kwa namba unazoniletea. Ukinidanganya, napanga vibaya."

Alizungumza na daktari, dozi ya insulini ikaongezwa. Njiani Mama alimshika Yanely mkono, akasema kesho atamfundisha kupika maharage yasiyo na sukari. "Yatakuwa mabaya," alionya, "lakini tutakula wote." Ndani ya juma moja namba zilianza kushuka.

Mwezi wa tano alizaliwa Mireya, mzima, mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Yanely alipewa ampakate pale pale hospitalini.

"Najua ulinidanganya kwa mapenzi," Mama alimwambia, akiwatazama wote wawili. "Lakini ukimpenda mtu, mwambie lililopo, hata kama atalia. Akishalia atajua la kufanya. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami nimezaa, mwanangu, kwa sababu ulithubutu kusema."