Mali ya Hekalu

Mtambo ule uliitwa mhamishamawe, na haukuwa na mkono wala kamba. Ulipuliza mawimbi ya sauti yasiyosikika, na kipande cha ukuta wa hekalu chenye uzito wa tani ishirini kikaelea juu ya Mto Nili kama usufi, kikapanda hadi uwanda ambako maji ya bwawa jipya yasingefika. Miungu ya kale iliyochongwa ukutani ilipita angani, nyuso zikitazama pembeni.

Kazi ya mhandisi Stamili Ngoda, mzaliwa wa Korogwe, ilikuwa kutunza orodha ya mtambo. Kila jiwe lilikuwa na namba yake; kisichokuwa orodhani hakikuguswa.

Siku ya tisa alimkuta Bi Dahiba, mjane wa Kinubi, akiandika namba kwa chokaa kwenye kuta za nyumba yake ya udongo. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni.

"Mtambo wako unasoma namba," alisema. "Nimeanzia pale mlipoishia."

"Mama, namba peke yake haitoshi. Lazima iwe kwenye orodha."

"Na orodha anaandika nani?"

Wanakijiji walikuwa wamepewa vyumba mjini, mwendo wa saa nne, pamoja na barua ya pole. Bi Dahiba alijifungulia watoto sita ndani ya nyumba ile.

Jioni Stamili aliiingiza nyumba orodhani. Mtambo ukauliza mmiliki. Jina la Dahiba ukalikataa. Akaandika: hekalu. Kesho yake nyumba ilipaa nzima nzima, na kijiji kikapiga vigelegele.

Bwawa lilijaa. Siku ya ufunguzi wa hekalu kule uwandani Bi Dahiba alishuka basi akiwa na mkeka na birika. Mlinzi akamzuia mlangoni pa nyumba yake. Ile ilikuwa mali ya kale, alisema, haikaliwi, haiguswi.

Stamili alikwenda mbio kuifuta nyumba orodhani. Mtambo ukakataa: sheria ilizuia kuondoa mali ya hekalu.

"Uliandika nini?" Bi Dahiba alimuuliza aliporudi.

Akamwambia.

Bi Dahiba aliweka birika chini. "Maji yangeichukua, ningelia, kilio kikaisha. Wewe umeiweka hapa niione, na si yangu."

Mtalii mmoja akamwomba yule mama, kwa adabu kabisa, asogee kidogo apate kuupiga picha mlango.

Akasogea.