Wavu Hauvui Lithium

Asubuhi ile Mama Clémence hakuinuka kwenye kiti hata kidogo. Alikuwa amekalia mukasi!

"Clémence, umeona mukasi?" bwana yake, Papa Lambert, aliita kutoka uwanjani.

"Tafuta vizuri, Papa."

Uwanjani mapipa yalijaa maji ya chumvi. Papa Lambert aliyachota kwenye chemchem nyuma ya kilima. Alisikia kule Manono kuna lithium, ile ya batri za telefone. Akasikia tena kama inapatikana hata ndani ya maji ya chumvi. Basi! Akaamua kukata wavu wao wa kuvua ndagala, samaki wadogo wa ziwani, akunje vipande, achuje maji, lithium ibaki juu.

Wavu ule! Pembeni zake Mama Clémence alizishona mwenyewe, akiwa na mimba ya mutoto wa kwanza, Glody. Njo uliwalisha wote. Hawakuwa na mwingine.

Mama Clémence, bila kuinuka, akamuita jirani, Mama Laure, anayefundisha shimi, ni kusema kemia, kwenye lise, masomo ya sekondari.

"Papa Lambert, unapika pombe?" Laure aliuliza.

"Ninatafuta lithium, Mama!"

Laure akaomba chai ya sukari. "Chuja hii na wavu wako. Kunja unavyotaka."

Papa Lambert akachuja, akaonja. "Ingali tamu."

"Juu ya nini?"

"Juu sukari imeyeyuka."

"Njo vile na lithium. Imeyeyuka, imechanganyika na chumvi zingine. Hata ukichemsha, maji yataenda, chumvi zote zitabaki pamoja."

"Sasa wenye kuitoa wanafanya namna gani?"

Laure akatoa kreyo, kalamu ya risasi, kwenye nywele. "Hii nyeusi ya ndani ni matabaka ya kaboni. Tabaka moja, jembamba kupita yote, ni grafini. Wanasayansi wanapanga matabaka kama hayo, maji yapite katikati. Nafasi ni ndogo sana, na matabaka yenyewe yako na umeme. Manyeziamu, moja ya zile chumvi zingine, inakwama, lithium inapita."

"Kumbe ni wavu!"

"Ni wavu, lakini macho yake hayashonwi na sindano. Na kazi kubwa ingali ndani ya labo, maabara yao. Tena, nani alipima maji yako?"

Papa Lambert akashika wavu, akagusa pembeni.

"Ni wewe ulishona hapa, Clémence."

"Na mimba ya Glody."

"Na mimi nilitaka kukata."

"Juu ya nini unazani nimekalia mukasi tangu asubuhi? Ncha yake inanichoma!"

Wakacheka mupaka Laure akashika mbavu.

Chupa moja ya maji walimupa Laure, aitume kupimwa. Mengine walimwaga mbali na shamba la muhogo, chumvi isiliharibu. Jioni Papa Lambert akaingia ziwani na wavu wake muzima.

Asubuhi, mapipa yaleyale, yamesafishwa, yakajaa ndagala. Papa Lambert akachagua moja, inang'aa, akaiweka kwenye kiganja cha bibi yake.

"Lithium yako hii, Mama."

Mama Clémence akaigeuza, akaitazama. "Hii angalau," alisema, "naweza kuikaanga."