Uzito wa Bosibori

Kwamboka, binti wa jirani zetu huku Nyamache, si mtu wa kutishika ovyo. Ndiyo maana kilichompata mwezi wa Agosti hakuna aliyethubutu kukicheka.

Asubuhi hiyo alifika zahanatini kama kawaida, akachemsha chai, akawasha kompyuta. Wahudumu wa afya wa vijijini hupima watoto na kuandika uzito wao kwenye simu, na rekodi hizo hukaa mtandaoni. Kazi yake ilikuwa kuzivuta kutoka huko na kuziingiza katika hifadhidata mpya ya zahanati: jedwali moja la watoto, jingine la vipimo, kila kipimo kimefungwa kwa namba ya mtoto wake. Programu aliiandika mwenyewe. Aliiwekea na sharti: kipimo chochote cha baada ya tarehe ya kifo kikataliwe.

Vipimo elfu nne na ushee viliingia bila shida. Vitano vikakataliwa.

Vyote vitano vilikuwa vya mtoto mmoja, Bosibori, bintiye Celestine. Nimonia ilimchukua mwezi wa Februari akiwa na miezi saba, katika chumba cha pili hapo hapo zahanatini. Tarehe ya kifo Kwamboka aliiandika kwa mkono wake. Siku hiyo mtoto alikuwa na kilo sita na robo.

Machi, sita na nusu. Aprili, saba. Mei, saba na nusu. Juni, nane. Julai, nane na nusu.

Mahali pa jina la mpimaji palikuwa patupu.

Alimwita Mokua, muuguzi msimamizi. Mokua aliinama akasoma, akasoma tena.

"Mtu amekosea namba ya mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Futa huko huko mtandaoni. Mama yake asije akasikia."

Kwamboka alifuta saa nne kamili. Akaendesha programu upya.

Sita vikakataliwa.

Vile vitano vilikuwa vimerudi. Cha sita kilikuwa cha siku hiyo hiyo, saa nne na dakika tatu. Kilo tisa. Chini yake pameandikwa: Ameanza kutembea.

Kwamboka alipanda njia ya mashamba ya chai hadi kwa Celestine. Alijiambia anaenda kumjulia hali tu. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, jua limetoka. Celestine alikuwa ameketi nje ya jikoni akichambua chinsaga, ile mboga chungu. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili.

"Mlisema maziwa yatakauka kwa wiki mbili," alisema bila kuinua macho. "Hayajakauka."

Kwamboka alichukua shina la mboga, akaanza kumsaidia kuchambua.

"Ni wewe uliyemfuta?"

Kwamboka aliacha kuchambua.

"Saa nne alilia sana. Sijawahi kumsikia akilia hivyo." Celestine akashusha sauti. "Usirudie, dada yangu."

Kando ya jikoni, kati ya migomba, palikuwa na kaburi dogo. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Nyayo zilianzia katikati ya kaburi. Nyayo ndogo, zikiyumba huku na huku. Zilikuja mpaka mlango wa jikoni.

Za kurudi hazikuwepo.

"Ingia umsalimie," Celestine alinong'ona. "Haendi kwa wageni. Lakini wewe anakujua."

Ndani kulikuwa giza. Kitu kiligonga sufuria. Mara moja. Kikatulia.

Kwamboka alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, kisha akageuka. Hakukimbia. Aliogopa akikimbia atakimbizwa. Hakutazama nyuma mpaka zahanatini.

Alipofika hakuketi. Aliliondoa lile sharti, akaendesha programu akiwa wima. Vipimo vyote sita vikaingia. Hakuna kilichokataliwa. Akashusha pumzi.

Mokua alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yake. Hakuwa akitazama kompyuta.

"Kwamboka," alinong'ona, "umekuja na nani?"

Kwamboka akaivuta sketi yake aone. Nyuma, karibu na pindo, palikuwa na tope bichi: alama ya kiganja kidogo, na kitambaa kimekunjamana pale kilipofumbatwa, jinsi mtoto anavyomshika mtu anapojifunza kutembea.